Mgeni Katika Jina Letu

Mzee Angolwisye alikuwa amelala ubavu, mguu wake wa kushoto umeegeshwa juu ya mto, na kabla Sekela hajapata hata pa kukaa, mgonjwa ndiye aliyeomba radhi.

"Nisamehe, mwanangu. Nimekutoa kazini na mvua yote hii."

"Usiniombe radhi, baba. Hebu nikuone mguu."

Alifunua shuka. Vidole viwili vya mwisho vilikuwa vimegeuka rangi, na ngozi iliyovizunguka iling'aa kama imepakwa mafuta. Kando ya kitanda palikuwa na chupa ya uji na kikombe kilichofunikwa kwa kisahani. Jirani alikuwa amepita mapema, akamwekea vyote mahali mkono wake unapofika bila kujinyoosha. Sekela aliona hilo akashukuru moyoni, kisha akaushika mkono wa mzee na kuangalia kioo kidogo kilichofungwa kwenye kifundo.

Pampu yenyewe haikuonekana. Ilikaa chini ya ngozi ya tumbo, ndogo kama kifungo cha koti, ikimtolea dawa ya sukari usiku na mchana. Kioo cha mkononi kilikuwa mdomo wake tu. Sekela alikigusa, maandishi yakatokea:

*Punguza dozi kwa theluthi. Endelea hivyo hadi utakapoelekezwa tena. Zahanati ya Ushirika ya Itabwa.*

Chini yake paliwaka alama ya kijani. Jina limethibitishwa.

"Huu ujumbe ulikuja lini, baba?"

"Tulikuwa tunachimba viazi."

Viazi vilikuwa vimekwisha kuchimbwa, vimekwisha kuuzwa, na mashamba yalikwisha kulimwa upya.

"Ukajisikiaje?"

"Kiu. Kiu ya mtu aliyelamba chumvi. Halafu macho yakaingia ukungu, nikawa namwita mbuzi wa jirani nikidhani ni mtoto." Alicheka kidogo, akaacha alipoona Sekela hacheki. "Nikasema, hawa watu wa zahanati wananijua tangu nina nywele nyeusi. Wakiamua kupunguza, wana sababu yao. Nikawa nakunywa maji."

"Kwa nini hukuja kuniuliza?"

Mzee alimtazama kwa upole, kama mtu anayetafuta namna ya kusema asimuumize. "Ningekuulizaje, Sekela? Ungedhani sikuamini."

Sekela alifunika mguu taratibu, akachomeka shuka pembeni ili baridi isiingie. Yeye ndiye mtunza jina wa zahanati. Hakuna neno lililotoka Itabwa bila idhini yake, na yeye hakumpunguzia mtu yeyote dawa.

*

Watu wa rika la Sekela walizaliwa mwishoni mwa ile miaka iliyokuja kuitwa Miaka ya Uongo, wakati yeyote aliweza kutuma ujumbe kwa jina la mtu yeyote. Mama alipokea sauti ya mwanawe ikilia, kumbe mwanawe yuko jikoni anakula. Pampu za wagonjwa zilipokea amri kutoka kwa watu wasiojulikana, na wagonjwa wakafa vitandani huku vioo vyao vikiwaaga kwa adabu. Ndipo dunia ilipokubaliana juu ya sheria moja: kila jina litakuwa na rekodi yake, imeanikwa wazi mahali ambapo malango yote ya mawasiliano yanaweza kuisoma. Rekodi ilisema mambo matatu. La kwanza, ni mitambo ipi inaruhusiwa kutuma kwa jina hili. La pili, ni mhuri wa nani utambuliwe juu ya ujumbe wake. La tatu, lango lifanye nini likikutana na mtumaji asiyetajwa: limpitishe huku likimwangalia, limweke kando, au limkatae.

Ujumbe usio na rekodi haukufika popote. Ulio na rekodi ulifika, ukaaminiwa, na mashine zikautii bila kuuliza swali. Watu walipumua. Hawakufikiria sana ni nini kingetokea siku jina la kweli litakapobeba neno la uongo.

"Umepita kila lango," alisema Daktari Ambwene, akiwa ameinama juu ya meza ya ofisi ambako safari yote ya ujumbe ule ilikuwa imetandazwa kwa mistari ya mwanga. "Mtumaji anaruhusiwa. Mhuri ni halali. Angalia ulikotoka, Mama Lugano."

Lugano alikuwa mtoto wa kwanza wa Sekela, na daktari alimwita hivyo siku zote, hata walipogombana.

Sekela aliangalia. Ulitoka kwenye mitambo ya Salamu Timilifu.

Alilijua jina hilo, na Itabwa nzima ililijua. Mwaka uliopita maporomoko ya udongo yalikuwa yameuinamisha mlingoti wa mawasiliano wa zahanati, na ujumbe wake haukufika tena ng'ambo ya kilima. Wagonjwa walikosa salamu ya asubuhi, ujumbe wa kila siku wa zahanati kwa pampu zao, na pampu zilitengenezwa kwa tahadhari: isiposikia salamu ya jina lake kwa siku nzima, pampu hujifunga. Ndipo kampuni hii ilipojitolea kutuma kwa niaba yao. Mtu wao, Fadhil Mringo, alikuja mwenyewe. Barabara ilikuwa imekatika, akapanda kilima kwa miguu, akafika kituo cha maziwa, ambako ushirika hufanya mikutano yake, amelowa chapachapa, kiatu kimoja kimeachama mbele.

Aliwaeleza wanachama kwa uwazi, hilo halikanushiki. Alisema kuna njia mbili. Wangeweza kuipa kampuni jina dogo lililoshikizwa pembeni ya jina la zahanati, la kukumbushia tu siku za kliniki, na pampu zisingelitii jina hilo. Au wangeweza kuiandika kwenye jina lenyewe, na kila ilichotuma kingekuwa neno la Itabwa.

Bi Atuganile, kiongozi wa wabeba maziwa, ndiye aliyesimama. "Mtu amepanda matope haya yote kuja kutusaidia," alisema, "halafu tumwambie akalale banda la kuni? Sebule ipo!"

Watu walicheka, wakapiga makofi. Sekela alipiga makofi pia. Katika milima ile mgeni haachwi pembeni ya nyumba, na aibu ya kumweka pembeni ilikuwa kubwa kwao kuliko hofu ya kumwingiza ndani. Walimpa jina zima kwa sababu walikuwa watu wema, na kampuni iliupokea wema ule, ikaupima, ikaona una matumizi.

"Mpigie," alisema Sekela.

Sura ya Fadhil ilitokea ukutani. Alikuwa kijana mtanashati mwenye macho ya mtu asiyelala vya kutosha.

"Shikamoo, Mama Sekela."

"Marahaba. Nani amempunguzia dawa Mzee Angolwisye?"

Fadhil aliangalia chini. "Ni mfumo, mama."

"Mfumo ni mtoto wa nani?"

"Namaanisha ni mpango wa uboreshaji. Mfumo unalinganisha makundi mawili. Moja linapata dozi ile ile, jingine linapunguziwa, kuona kama…"

"Kuona kama nini?"

"Kama kweli wanahitaji kiasi kile."

"Na sasa mmeona?"

Fadhil alivuta kola ya shati lake.

"Wako wangapi?" aliuliza daktari.

"Arobaini na kitu. Ni kundi dogo, daktari."

"Kati yao mmoja atakatwa vidole," alisema Sekela. "Na alikunywa uamuzi wenu kama dawa, kwa sababu ulikuja kwa jina langu. Mliwauliza?"

"Kisheria, mama," alisema Fadhil, "kisheria sisi hatukutuma kitu. Mtumaji ni Zahanati ya Ushirika ya Itabwa. Tazama rekodi. Mkienda kulalamika, mtakuwa mnajilalamikia wenyewe."

Hasira ilimpanda Sekela kama maziwa yanavyopanda sufuriani, kimya kimya, kisha yote kwa mara moja.

"Sikiliza, kaka yangu. Mmeingia nyumbani kwetu, mkavaa nguo zetu, mkatoka nje mkawapiga watoto wetu. Sasa unaniambia aliyepiga ni mwenye nguo? Rudisha dozi za watu!"

"Jaribio haliwezi kuvunjwa katikati. Nitapeleka ombi."

"Kwa nani?"

"Kwa mfumo," alisema Fadhil, na walau alikuwa na haya ya kulisema kwa sauti ndogo.

*

Ukuta ulipozimika, Daktari Ambwene alivua miwani akajisugua macho.

"Najua unachotaka," alisema. "Lakini tulia kwanza tuhesabu watu, siyo hasira. Ukiitoa kampuni kwenye rekodi, malango yote yataisoma rekodi mpya ndani ya siku moja, na salamu ya asubuhi itakatika. Mlingoti wetu haufiki hata nusu ya bonde. Wagonjwa karibu mia mbili, pampu zao zitaanza kujifunga."

"Tuziguse kwa mkono." Zahanati ilikuwa na sanduku la vigusio, vidude vidogo vya chuma ambavyo vikiwekwa juu ya pampu viliirudisha kwenye dozi ya mgonjwa na kuiacha ijiendeshe yenyewe mwezi mzima. Mwezi ulitosha kupata mlingoti mpya, uliokwisha agizwa.

"Pampu haikubali kigusio wakati jina linaongea nayo. Unajua. Lazima jina linyamaze kwanza. Kwa hiyo tunakata salamu, halafu tunakimbizana na pampu mia mbili kwenye milima hii kabla hazijajifunga. Sisi ni watu sita, Mama Lugano. Tukikosa nyumba moja?"

"Na tukiacha?"

"Tukiacha, arobaini wanaendelea kuumia polepole mpaka mlingoti ufike, nasi tunawapitia kila siku na kuwatibu tunavyoweza." Alisema hivyo akiwa amekunja uso, kama mtu anayesoma maneno asiyoyapenda. "Niliapa kutomdhuru mgonjwa. Hapa kila mlango ninaoufungua, nyuma yake kuna mgonjwa."

Sekela alijua daktari hasemi kwa woga. Usiku mmoja aliwahi kumbeba mama mjamzito mgongoni kuvuka mto, na hakuwahi kusimulia; walisimulia wengine. Mtu wa namna hiyo akisema ngoja, unangoja.

Lakini alimkumbuka mzee akinywa maji kimya kimya ili asimuudhi.

"Daktari, kesho wanaweza kuchagua arobaini wengine," alisema. "Nao watanyamaza, kwa sababu wanatupenda. Kila siku tunayoiacha, wanaumia kwa sababu wanatuamini. Mimi sitaweza kuwaangalia usoni."

Daktari alivaa miwani yake. "Rekodi haibadilishwi ofisini," alisema mwishowe. "Ipeleke isomwe. Wakikubali watu wote, nitazungusha ufunguo wangu."

*

Hiyo ilikuwa desturi ya Itabwa. Mahali pengine rekodi ilibadilishwa na fundi mmoja kwenye chumba kimoja. Hapa Itabwa ilisomwa kwa sauti kwenye kituo cha maziwa, mstari kwa mstari, na wanachama wakajibu "Imesikika" kila mstari. Baada ya hapo ndipo wenye funguo tatu, Sekela, daktari na Bi Atuganile, walipozizungusha kwa pamoja. Wageni waliona ni mchezo wa watu wasio na haraka.

Asubuhi ile kituo kilijaa. Harufu ya maziwa mabichi na makoti yaliyolowa ilitanda chini ya bati. Pikipiki za umeme za wabeba maziwa ziliegeshwa nje kwa safu, madumu yamening'inia ubavuni. Watu walikuwa wamekwisha kusikia habari za Mzee Angolwisye, na hakuna aliyekuwa anacheka.

Fadhil alikuwepo. Alikuwa ameshushwa na ndege ndogo isiyo na rubani kwenye uwanja wa shule, na safari hii viatu vyake vilikuwa vikavu. Mtu alimpa kiti. Mwingine alimpa chai ya maziwa, kikombe kikubwa, kwa sababu hakuna aliyejua namna nyingine ya kumpokea mtu.

Sekela alieleza yote, pamoja na hofu ya daktari. Hakuipunguza hata kidogo. Kisha Fadhil akaomba kusema.

"Ndugu zangu, mnanijua. Nisingependa kuona mtu akifa. Mkituondoa leo, kesho pampu zinafunga. Mtakuwa mmewaua watu wenu wenyewe kwa hasira. Mko tayari kwa hilo?"

Vichwa viligeuka kumtazama daktari. Sekela alihisi mkutano ukimponyoka, na asingewalaumu.

"Hebu nami niulize," alisema Bi Atuganile kutoka nyuma, alikokaa juu ya dumu lililogeuzwa. "Nani hapa Itabwa hupita kila nyumba, kila asubuhi, mvua, ukungu, matope, kabla ya watu kumaliza chai?"

"Wewe na kelele zako!" alijibu mtu, na kicheko kidogo kikapita.

"Mimi na kelele zangu, na wenzangu. Tunajua nani amehamia kwa binti yake, tunajua mbwa wa nani anauma. Nipeni hivyo vigusio. Mnifundishe mchana huu, kesho asubuhi nitagusa tumbo la kila mgonjwa wa bonde hili."

"Na maziwa?" aliuliza Gwamaka, mwenye ng'ombe wengi kuliko wote. "Lori la kiwanda halisubiri. Ukisimama kila nyumba, maziwa ya siku nzima yanaharibika, Atuganile. Siku nzima!"

"Ndiyo, Gwamaka. Ya siku nzima."

"Mimi nina watoto shuleni."

"Nami ninao. Kesho usikamue. Waachie ndama wanyonye." Alisimama, akajipangusa sketi. "Mwaka jana ni mimi niliyesema sebule ipo. Mdomo huu huu. Basi niacheni niende mlango kwa mlango nikamtoe mgeni niliyemwingiza."

"Pikipiki yangu ina betri mpya," alisema Gwamaka, kwa sauti ya mtu anayegomba. "Chukueni na hiyo."

Sekela alifungua rekodi, akasoma.

"Mstari wa kwanza. Mitambo ya Salamu Timilifu haitatuma tena kwa jina la Itabwa."

"Imesikika!"

Bati lilitikisika. Sekela alimtupia Fadhil jicho, akashangaa. Alikuwa anakunywa chai yake taratibu, ametulia kabisa, kama mtu aliyepigwa kofi na upepo.

Daktari Ambwene naye alikuwa anamwangalia.

"Mama Lugano," alisema daktari, "umewatoa kwenye orodha ya watumaji. Ufunguo wa mhuri wao bado tumeuning'iniza kwenye rekodi. Wakipiga mhuri huo juu ya ujumbe, hata utoke mtambo gani, malango yataukubali."

Kikombe cha Fadhil kilisimama njiani.

"Kwa hiyo tungepanda milima yote hiyo," alisema Bi Atuganile polepole, "tumwage maziwa ya bonde zima, na wao waendelee kuongea? Na wewe umekaa hapo unakunywa chai yetu, unatuangalia tu?"

Manung'uniko yalipanda. Wawili watatu walisimama. Sekela aliinua mkono.

"Mstari wa pili," alisoma. "Ufunguo wa mhuri wa Salamu Timilifu unang'olewa leo."

"Imesikika!"

"Mstari wa tatu. Agizo kwa malango. Mwaka jana tuliandika: asiyetajwa, mwangalieni tu, apite. Tulifanya hivyo tusionekane wakali. Leo tunaandika: asiyetajwa, mkataeni."

"Imesikika!" Hii ya mwisho ilisemwa hata na watoto waliokuwa dirishani.

Funguo tatu zilizunguka. Hakuna kilicholia wala kuwaka. Mvua iliendelea kunyesha juu ya bati.

Fadhil aliweka kikombe chini. "Nilikuja na mvua mwaka jana," alisema. "Mlinipa kiti."

"Na leo umepewa," alijibu Sekela. "Chai ni yako. Kitanda kipo mpaka hali ya hewa itulie, na hakuna atakayekugusa. Lakini jina si lako, kaka. Hatukukupa jina ili uwatendee watu wetu yale usiyothubutu kuyatenda kwa jina lako mwenyewe."

Akageuka kugawa vigusio. Alipopita karibu na mlango, Fadhil alimfuata, akasema bila kumtazama, haraka, kama mtu anayehofia kusikiwa na koti lake mwenyewe: "Anzeni ng'ambo ya mto. Waliopunguziwa zaidi wako kule."

Sekela alisimama. Lilikuwa jambo jema, na lilimgharimu kitu. Aliona hivyo usoni mwake. Hakumsamehe. Alimshukuru, akaenda kumwambia Atuganile aanze ng'ambo ya mto.

*

Asubuhi iliyofuata bonde lilikuwa na sauti nyingine. Hakukuwa na kugongana kwa madumu. Zilisikika hodi tu, nyumba hadi nyumba, na ndama wakilia kwa furaha ya kutonyang'anywa mama zao.

Sekela alimkataza kila mtu kwenda nyumba ya Mzee Angolwisye. Alikwenda mwenyewe. Uji mpya ulikuwa tayari kando ya kitanda, na mguu ulikuwa umefungwa vizuri. Daktari alikuwa amepita kumwambia ukweli kuhusu vidole.

Alipokuwa anajiandaa, kioo cha mkononi kilitetemeka. Wote wawili walikiangalia.

*Ujumbe umekataliwa. Mtumaji hajulikani kwa jina hili.*

"Walitaka kusema nini?" aliuliza mzee.

"Sijui, baba. Sasa hatutajua."

Sekela aliinua shati la mzee, akapasha kigusio joto kwa viganja kwanza ili chuma kisimshtue, kisha akakiweka juu ya pampu na kushikilia. Ilichukua muda. Chini ya kiganja chake alihisi kitu kidogo kikinyamaza, halafu kikianza upya, polepole, kwa mwendo wake wa zamani. Kwenye kioo dozi yake kamili ilirudi. Hapakuwa na alama ya kijani wala jina.

Mzee alisoma, akafikicha macho, akasoma tena. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa miaka yote aliyotibiwa Itabwa.

"Safari hii," aliuliza, "nani ameamua?"

"Ni mimi, baba," alisema Sekela. "Niulize tena kesho."